MTO WA TRAUTI MWISHONI MWA KIANGAZI

Hotuba juu ya uvuvi, maji ya baridi, na sheria ya kuupumzisha mto



Watu wengi hudhani ya kuwa uvuvi ni kazi ya subira tu. Mvuvi hukaa ukingoni, hutupa mshipi wake, hungoja; samaki akija ni bahati njema, asipokuja ni bahati mbaya. Lakini iko namna moja ya uvuvi ambayo ndani yake mvuvi hodari hutambuliwa kwa kujua siku na saa ya kukunja mshipi wake na kurudi nyumbani mikono mitupu, hata kama samaki wamejaa mtoni mbele ya macho yake. Huo ni uvuvi wa samaki aitwaye trauti, mwishoni mwa kiangazi.

Hotuba hii yahusu mto mmoja ulio mbali, yaani mto Yellowstone katika nchi ya Marekani, kwa sababu huko jambo hili limeonekana wazi kabisa. Walakini haiwahusu Wamarekani peke yao. Trauti waliomo katika mito ya baridi ya Kirinyaga na Nyandarua ni wa jamaa moja na wale wa Yellowstone, na maji yakipata joto huumia vivyo hivyo.

MTO NA MAJIRA YAKE

Mto Yellowstone huanza katika milima mirefu ya jimbo la Wyoming. Huingia katika ziwa kubwa lenye jina hilo hilo, ambalo uso wake ni karibu mita 2,350 juu ya bahari. Ukitoka humo huanguka katika maporomoko mawili, na la pili lina kimo cha mita 94 hivi. Kisha hupita katika korongo refu na kutokea jimbo la Montana penye mji mdogo wa Gardiner. Toka hapo hufuata bonde pana liitwalo Paradise Valley hata mji wa Livingston, ndipo hugeuka kuelekea mashariki na kwenda kujiunga na mto Missouri. Urefu wake wote ni karibu kilomita 1,100, na katika mwendo huo wote halikujengwa bwawa kubwa la kuweka akiba ya maji yake. Jambo hili lafaa kukumbukwa, maana mto usio na bwawa ni kama nyumba isiyo na ghala: huishi kwa kile upewacho na majira ya mwaka.

Katika nchi hiyo mwaka haugawanyiki kwa masika na vuli kama Afrika ya Mashariki. Kuna miezi ya baridi kali, ambayo ndani yake mvua hushuka kwa namna ya theluji, nayo ni ile ile ionekanayo nyeupe juu ya kilele cha Kirinyaga. Theluji hiyo hulala milimani miezi mingi bila kuyeyuka, na hiyo ndiyo akiba ya mto. Mwezi wa Mei na wa Juni jua likipata nguvu, theluji huyeyuka, mto hufurika, na maji yake huwa mazito, ya rangi ya matope. Wakati huo hakuna avuaye. Mwezi wa Julai maji hushuka na kutakata, na wavuvi hufurahi. Lakini ifikapo Agosti akiba imekaribia kwisha. Milima iliyokuwa myeupe imegeuka kuwa ya kijivu, mvua ni haba, na jua lawaka tangu asubuhi hata jioni sana, maana katika nchi za kaskazini mchana wa kiangazi ni mrefu kuliko usiku.

Tena wakati huo huo wenye mashamba na ng'ombe huhitaji maji. Yawapasa kunywesha majani watakayoyavuna na kuyaweka kwa chakula cha mifugo wakati wa theluji. Hivyo mifereji hufunguliwa, na maji ya mto na ya vijito vyake huchukuliwa mashambani. Sheria ya Montana juu ya maji ni kwamba aliyetangulia kuyachukua na kuyatumia ndiye mwenye haki ya kwanza. Aliyekuja nyuma hungoja. Samaki, ambaye alikuwako kabla ya wote, kwa miaka mingi hakuwa na haki yo yote iliyoandikwa.

Basi hiyo ndiyo hali ya mto mwishoni mwa kiangazi: maji machache, maangavu, yenda polepole, tena yenye joto.

KWA NINI TRAUTI HUPENDA BARIDI

Katika mto Yellowstone wako trauti wa namna tatu. Mwenyeji ni yule ambaye Wamarekani humwita Koo-lililokatwa, kwa sababu ana alama nyekundu chini ya taya kana kwamba amepitishwa kisu. Wengine wawili, trauti wa kahawia na trauti wa upinde wa mvua, ni wageni walioletwa na watu mwishoni mwa karne ya 19. Pamoja nao yuko jamaa yao aitwaye samaki mweupe wa milimani, ambaye wavuvi wengi hawamjali, lakini habari yake itakuja baadaye.

Hawa wote ni samaki wa maji ya baridi. Trauti hustarehe katika maji ya digrii 10 hata 16 za Sentigredi. Yakipita digrii 20 huanza kutaabika. Yakikaribia 25 na kudumu hivyo, huweza kufa. Sababu yake ni rahisi kueleweka. Samaki hupumua hewa ya oksijeni iliyochanganyika na maji. Maji ya baridi hushika hewa hiyo nyingi, na maji ya moto hushika kidogo. Usawa wa bahari, lita moja ya maji ya digrii 10 huweza kushika kama miligramu 11 za oksijeni; yakifika digrii 20, hushika kama miligramu 9 tu. Wakati huo huo joto huufanya mwili wa samaki kwenda mbio zaidi, hata akahitaji hewa nyingi kuliko kwanza. Hali yake basi ni kama ya mtu apandaye mlima mkali na mzigo kichwani, naye amezibwa pua moja.

Kwa ajili hiyo, mwishoni mwa kiangazi trauti huhama makao. Huyaacha madimbwi mapana yenye kuotwa na jua, na huenda mahali maji yapitapo kwa kasi juu ya mawe na kutoa povu, kwa kuwa hapo hewa huchanganyika na maji tena. Huenda penye vivuli vya miti na chini ya kingo zilizochimbwa na maji. Hasa hutafuta chemchemi. Katika Paradise Valley ziko chemchemi ambazo maji yake hutoka chini ya ardhi yakiwa na baridi ya namna moja karibu mwaka mzima, na vijito vyake huwa kimbilio la samaki. Mvuvi mgeni afikaye mwezi wa Agosti na kuvua mahali alipovua mwezi wa Julai hurudi bure, akasema mto hauna samaki. Wahenga walisema, mvuvi ndiye ajuaye pweza alipo.

NAMNA YA KUVUA

Uvuvi wa trauti katika mto huo ni wa mdudu wa bandia. Mvuvi hatumii nyungunyungu wala nyama. Hutwaa ndoana ndogo, akaivika manyoya ya ndege na nyuzi mpaka ifanane na mdudu alaye au aangukaye majini. Kwa fimbo ndefu nyepesi huutupa mshipi mzito, na mshipi huo humchukua mdudu wa bandia mpaka akatua juu ya maji taratibu kama mdudu wa kweli. Ni kazi ya mkono mwepesi na jicho kali.

Mwishoni mwa kiangazi mdudu mkuu ni panzi. Majani ya mabondeni yamekauka na kuwa ya manjano, na panzi wamejaa humo kwa maelfu. Ng'ombe wakipita, au mashine ya kukata majani ikipita, panzi huruka. Upepo ukivuma huwatupa mtoni. Panzi hajui kuogelea. Hupiga mateke juu ya maji. Trauti mkubwa aliyejificha chini ya ukingo husikia mtikisiko, hutoka, humvuta chini kwa kishindo. Pamoja na panzi huanguka sisimizi na wadudu wenye mabawa magumu, na wavuvi huwaiga hao pia. Asubuhi na mapema hutokea vijidudu vidogo mno vya majini ambavyo trauti huvila kwa utulivu; avuaye wakati huo hana budi kutumia ndoana ndogo kama punje ya mtama.

Maji yakiwa machache na maangavu, samaki humwona mtu kwa mbali. Basi mvuvi mwenye akili huvaa nguo za rangi ya majani makavu, hutembea ameinama, hupiga magoti mahali pa wazi, na huangalia kivuli chake kisimtangulie majini. Uzi wa mwisho, ule uliofungwa ndoana, huufanya mrefu na mwembamba. Hutupa mara moja vizuri kuliko mara kumi ovyo, maana katika maji ya namna hiyo mshipi ukianguka vibaya mara moja, samaki wote wa mahali pale hutoweka kwa saa nzima.

Hapa ndipo pana jaribu. Upepo uwatupao panzi mtoni huvuma zaidi mchana na alasiri, na panzi mwenyewe huchangamka jua likiwa kali. Tena alasiri ndiyo saa ambayo maji yana joto kuliko saa zote, kwa kuwa mto huendelea kuota jua hata saa kumi na moja ya jioni. Hivyo saa ipendezayo mvuvi ndiyo saa ya taabu kwa samaki. Trauti mwenye njaa atamrukia panzi hata kama pumzi yake ni haba, na mvuvi atakuwa na furaha kubwa. Lakini samaki yule aliyevutana na mshipi dakika tano katika maji ya digrii 23 aweza kuachwa, akaogelea akaonekana mzima, na baadaye akafa mahali ambapo mvuvi hamwoni.

MWENDO WA MVUVI MWANGALIFU

Wavuvi wengi wa Yellowstone hawali samaki wao. Huwarudisha majini wakiwa hai, ili wakue na kuzaa na kuvuliwa tena. Desturi hiyo ni njema maji yakiwa ya baridi. Maji yakiwa ya moto, huweza kuwa ni kuua bila kujua. Kwa hiyo mvuvi mwangalifu huchukua pamoja na ndoana zake kipimo cha joto, kilichofungwa kwa kamba. Kabla ya kutupa mshipi hukitia majini mahali penye kina, hungoja dakika chache, husoma. Kikionyesha digrii 16, huvua kwa amani. Kikifika 19 au 20, huacha, ijapokuwa ni saa nne ya asubuhi na samaki wanaruka.

Mwendo mwingine ni huu. Huanza kazi kabla ya jua kuchomoza, wakati maji yamepoa usiku kucha, na kumaliza kabla ya adhuhuri. Hutumia uzi wenye nguvu ya kutosha, ili amvute samaki upesi asimchoshe. Husawazisha kijino cha ndoana, ili itoke kwa urahisi. Hulowesha mikono yake kabla ya kumshika, maana mkono mkavu humwondolea samaki ute wake, nao ndio ngao yake dhidi ya magonjwa. Humwacha majini wakati wa kumtoa ndoana. Kumwinua juu ili apigwe picha ni sawa na kumzamisha mtu ambaye amemaliza kukimbia mbio ndefu. Mwisho humshika kwa upole, kichwa kikielekea juu ya mto, mpaka apate nguvu na kujiondokea mwenyewe.

SHERIA YA SAA NANE

Si kila mtu ana busara hiyo, na hata mwenye busara aweza kushindwa na tamaa. Ndiyo sababu jimbo la Montana likaweka sheria. Kwa kawaida, maji ya mto yakifika digrii 73 za Farenhaiti, yaani karibu 23 za Sentigredi, kwa muda wo wote katika siku tatu mfululizo, idara ihusikayo na samaki na wanyama huweza kupiga marufuku uvuvi katika sehemu hiyo tangu saa nane ya mchana hata saa sita ya usiku. Asubuhi ni ruhusa. Alasiri na jioni ni mwiko. Watu wameipa sheria hiyo jina la bundi, kwa kufuata desturi ya wakataji miti wa zamani, ambao katika majira ya ukame waliianza kazi gizani, bundi wakilia bado, ili kukwepa saa za joto na hatari ya moto msituni.

Sheria hii haichagui mtu. Tajiri aliyetoka mbali kwa ndege na kulipa fedha nyingi hukunja mshipi saa nane pamoja na mtoto wa mwenyeji mwenye fimbo ya bei ndogo. Wala haikutungwa kwa kumchukia mvuvi. Inapofaa huwekwa, na maji yakipoa huondolewa.

MWAKA WA 2016

Lakini ulifika mwaka ambao hata sheria ya saa nane haikutosha. Mwezi wa Agosti, 1916 ukiwa umetimiza miaka mia moja, yaani mwaka wa 2016, maji ya Yellowstone yalikuwa machache kupita kawaida, na joto lake lilizidi. Katikati ya mwezi watu wapitao kwa mashua wakaanza kuona samaki waliokufa wakielea na kukwama penye mawe. Karibu wote walikuwa samaki weupe wa milimani, wale wasiojaliwa na wavuvi. Kwanza walihesabiwa kwa mamia, halafu zaidi ya 2,000, na maofisa wakakadiria ya kuwa hesabu ya kweli ilifika makumi ya maelfu, maana wengi huzama na hawaonekani.

Wataalamu waliwapasua samaki wale, wakaona figo zao zimevimba. Sababu ilikuwa kijidudu kisichoonekana kwa macho, kiletacho ugonjwa wa figo. Kijidudu hicho hukaa kwanza ndani ya viumbe vidogo viotavyo kama kuvu juu ya mawe na miti iliyozama, kisha hutoka humo na kuwaingia samaki. Hakimdhuru mtu wala mnyama mwingine. Samaki aliye katika maji ya baridi huweza kukivumilia. Yule aliyedhoofishwa na joto na ukosefu wa hewa hushindwa. Hivyo ugonjwa na joto vilishirikiana kama wezi wawili, mmoja akishika mlango na mwingine akibeba mali.

Tarehe 19 Agosti 2016, maofisa wa Montana waliufunga mto tangu mpaka wa Hifadhi ya Yellowstone, karibu na Gardiner, hata Laurel, mwendo wa maili 183, yaani kilomita 295 hivi, pamoja na vijito viingiavyo humo. Haukufungwa kwa wavuvi peke yao. Mashua, kuogelea, kuelea juu ya mipira, yote yalikatazwa. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, kumpa samaki nafasi ya kupumzika asisumbuliwe na kitu cho chote. Ya pili, kuzuia kijidudu kisichukuliwe mpaka mito mingine kwa viatu vilivyolowa na mashua ambazo hazikukaushwa.

Amri hiyo ilikuwa nzito. Katika Livingston na Gardiner wako watu wengi ambao riziki yao ya mwaka hutegemea miezi michache ya kiangazi: viongozi wa wavuvi, wenye mashua, wenye maduka ya fimbo na ndoana, wenye nyumba za wageni, wapishi. Mwezi wa Agosti kwao ni kama mwezi wa mavuno kwa mkulima. Siku moja mto wajaa wageni. Siku ya pili ni marufuku kutia hata mguu. Wageni walivunja safari zao, na mshahara wa siku zile haukurudi. Yafaa kusemwa wazi kwamba waliopata hasara hawakuwa ndio walioleta ugonjwa, na haki yao ya kunung'unika ilikuwa ya kweli.

Walakini mtu akipima kwa haki ataona ya kuwa mto ndio shamba lao. Mkulima hawezi kula mbegu kwa sababu ana njaa leo. Kama trauti wangalikufa kama walivyokufa samaki weupe, hasara isingalikuwa ya wiki chache, bali ya miaka mingi. Mwezi wa Septemba usiku ulianza kuwa wa baridi, maji yakapoa, vifo vikapungua, na mto ukafunguliwa sehemu baada ya sehemu. Trauti waliokufa walikuwa wachache wakilinganishwa na samaki weupe. Lakini kufa kwa samaki weupe kulikuwa onyo. Yule asiyejaliwa ndiye aliyeonyesha kwanza ya kuwa mto ni mgonjwa.

TRAUTI KATIKA NCHI YA KENYA

Habari hii ina maana gani kwa watu wa Kenya? Trauti si mwenyeji wa Afrika ya Mashariki. Mwaka wa 1905 Ewart Grogan alileta trauti wa kahawia kutoka Uskoti, nao wakatiwa katika mto Gura utokao Nyandarua. Mwaka wa 1910 wakaletwa trauti wa upinde wa mvua kutoka Afrika ya Kusini. Samaki hao wa upinde wa mvua asili yao ni upande wa magharibi wa Amerika ya Kaskazini, nchi ya theluji na mito ya baridi. Mwaka wa 1948 Serikali ya wakati ule ikafungua kituo cha kuzalisha trauti Kiganjo, karibu na Nyeri, na vifaranga vyake vilipelekwa katika mito mingi ya milimani.

Hapa karibu na ikweta hakuna kiangazi cha Agosti kama cha Montana. Mwezi huo nyanda za juu huwa na mawingu na baridi. Mwisho wa kiangazi cha Kenya, kwa mto wa trauti, ni miezi ya Januari, Februari na Machi, kabla ya mvua za masika. Wakati huo jua huwaka, mito hupungua, na wavuvi huona mambo yale yale: maji maangavu, samaki mwoga, na kimbilio penye povu na vivuli. Trauti wa Kenya huishi mahali pa juu tu, kwa sababu kimo cha mlima ndicho kimpacho baridi ambayo kule hupewa na majira. Akishushwa chini, hawezi kudumu.

Tena mito ya Kirinyaga haitegemei barafu ya kileleni kwa sehemu kubwa. Barafu hiyo imepungua sana tangu mwanzo wa karne ya 20. Akiba ya kweli ya mito hiyo ni msitu. Mvua inyeshayo msituni huingia ardhini taratibu, hukaa humo, na kutoka kwa chemchemi miezi ya ukame, ikiwa na baridi. Tena miti ya ukingoni huuzuia mto usichomwe na jua. Miti ikikatwa, maji ya mvua hukimbia yote kwa siku moja yakiwa na udongo, na mwezi wa Februari mto hubaki mwembamba na wa moto.

Na mifereji iko hapa kama ilivyo Montana. Upande wa magharibi wa Kirinyaga, maji ya mito kama Naro Moru na Burguret huchukuliwa kwa mashamba na kwa majumba kabla hayajafika Ewaso Ng'iro, na katika miaka ya ukame sehemu za chini za mto huo zimekauka kabisa, hata wafugaji walio huko wakakosa maji ya mifugo yao. Tangu Sheria ya Maji ya mwaka wa 2002, watumiaji wa maji wa mto mmoja wamepata kuungana katika vyama, wa juu na wa chini wakikaa pamoja, ili kukubaliana juu ya zamu za kufungua mifereji wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ina magomvi mengi, lakini msingi wake ni ule ule wa sheria ya saa nane: kwamba kila mtu aache kidogo ili mto usife.

Labda mtu atasema, "Trauti ni samaki wa wageni na matajiri, mimi yanihusu nini?" Jibu ni kwamba trauti ni kipimo cha joto chenye uhai. Mto ufaao trauti una maji ya baridi, safi, yasiyo na udongo, yenye kudumu mwaka mzima. Maji hayo hayo ndiyo anywayo ng'ombe, ndiyo ateleayo mama wa nyumba, ndiyo yafikayo kwa mwenzake aliye maili hamsini chini ya mto. Trauti akianza kufa, maana yake ni kwamba jambo fulani limeharibika juu ya mto, na jambo hilo litamfikia mtu baadaye.

Chovya chovya humaliza buyu la asali. Mvuvi wa Yellowstone hakuambiwa aache kuvua milele. Aliambiwa avue asubuhi, apime maji, na mto ukiugua auache upone. Aliyetii mwaka wa 2016 alipoteza siku zake za Agosti, na mwezi wa Septemba aliukuta mto ungali na samaki. Yafaa kila mwenye kutumia mto, awe mvuvi, mkulima au mfugaji, aijue hali ya maji yake mwishoni mwa kiangazi, na aijue saa ya kuufunga mfereji wake.